Figo za mbwa: mkojo kwanza, dripu baadaye

Karibuni tena. Huyu mezani ni Simba, miaka 11, kilo 20. Mwenye mbwa analalamika kwamba bakuli la maji halikai na maji. Tukampimia: lita 2.6 kwa siku, yaani mililita 130 kwa kila kilo. Ikipita 100, hiyo si kiu ya joto tena, tafuta sababu.

Presha nimeshaipima kabla ya kumgusa na sindano, maana mbwa mwenye hofu anakupa presha ya hofu. Chumba kimya, mwenyewe yuko naye, upana wa mkanda kama asilimia 40 ya mzunguko wa mguu. Kipimo cha kwanza tupa, vinavyofuata fanya wastani. Simba ana 172. Tutarudia siku nyingine, lakini 160 kwenda juu sipuuzi.

Damu kutoa mnajua, napita.

Sasa mkojo. Dripu haijafunguliwa, mnaiona ile pale imening'inia. Mkojo kwanza! Huu tumeukinga asubuhi kwa upawa wenye mpini mrefu. Karatasi ya kuchovya haiaminiki kwa uzito wa mkojo wa mbwa, yaani ulivyokolea ukilinganishwa na maji; tumia refraktomita, kifaa hiki cha kusoma uzito huo kwa mwanga. Futa kioo, tone la maji yaliyokenekwa, mstari ukae kwenye 1.000. Usipokaa, rekebisha skrubu hii. Futa tena, tone la mkojo, funika taratibu pasiwe na kiputo, elekeza kwenye mwanga...

Subirini, kamera inaona weupe mtupu. Nisogee dirishani. Kidogo tena. Haya! Mnaona buluu inapokutana na nyeupe? 1.010. Kati ya 1.008 na 1.012 figo hazijakoleza mkojo wala kuuzimua, umetoka kama ulivyochujwa.

Narudia habari ya dripu kwa sababu iliwahi kunitokea. Aliletwa mbwa anatapika, kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huitoa, iko juu, nikamwekea dripu haraka, mkojo nikaukinga baadaye. Mwepesi kama maji, kumbe dripu ndiyo imeuzimua. Nikamwambia mwenyewe figo zimekwisha, akalia mbele yangu. Siku chache baadaye kreatinini ikashuka ikarudi kawaida: alikuwa amekaukiwa maji tu. Ningeukinga kabla, huenda ningekuta mkojo mzito, zaidi ya 1.030, na nisingemliza mtu. Mkojo kwanza, jamani. Hata kama mbwa amelegea, dakika 2 za kukinga mkojo zipo.

Majibu ya damu ya Simba yametoka: kreatinini 3.4 mg/dL. Kwa ugonjwa sugu wa figo, chini ya 1.4 ni hatua ya 1, mpaka 2.8 ni ya 2, mpaka 5.0 ni ya 3, zaidi ya hapo ya 4. Msikimbilie kuandika "hatua ya 3" leo. Hatua hupangwa mbwa akiwa ametulia, ana maji ya kutosha mwilini, na kipimo kimerudiwa. Halafu shikeni mgongo huu: nyama imekwisha, vidole vyangu vinagusa pingili moja moja. Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo mbwa aliyekonda hivi figo zake zinaweza kuwa mbaya kuliko namba inavyosema. Kwa mbwa kama huyu mimi huomba na SDMA, kipimo kingine cha damu cha figo kisichoyumbishwa sana na misuli.

Mkojo uliobaki unakwenda kupimwa uwiano wa protini na kreatinini, ukizidi 0.5, na hakuna damu wala maambukizi kwenye mkojo, figo zinavujisha protini.

Haya, mkojo umeshaingia kwenye kichupa, jina limeandikwa. Sasa nafungua dripu.