Anayengoja jibu la chuo ni mtoto, si ukoo mzima

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena jikoni kwangu hapa Lowell, Massachusetts, Marekani. Leo nimeweka kando habari za kazi na kodi za nyumba. Nataka tuzungumze juu ya watoto walioomba vyuo mapema na sasa wanangoja majibu, kwa sababu humu ndani ninaye mmoja. Binti yangu wa kwanza yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na tangu Desemba iingie simu haimtoki mkononi.

Kwa wale ambao utaratibu huu ni mgeni kwenu, nieleze kidogo. Maombi ya kawaida ya vyuo vingi vya huku hufungwa siku za mwanzo za Januari, na majibu hutoka kuelekea mwisho wa Machi. Ya mapema hufungwa tarehe 1 Novemba, vyuo vingine tarehe 15, na majibu hutoka katikati ya Desemba. Hayo ya mapema nayo ni ya namna mbili. Kuna ya kujifunga: mtoto anachagua chuo kimoja, anatia sahihi, mzazi anatia sahihi, mshauri wa shule naye anatia sahihi, kwamba akikubaliwa ataenda hukohuko na maombi mengine yote atayaondoa. Na kuna yasiyofunga, ambayo mtoto akikubaliwa bado ana mpaka tarehe 1 Mei kuamua.

Mama mmoja wa Nakuru aliniuliza: je, mtoto akijifunga, halafu fedha zisitoshe? Mama, mkataba wenyewe unaruhusu mtoto kukataa nafasi ikiwa msaada wa chuo hauwezeshi familia kumudu. Lakini msiitegemee sana njia hiyo. Mwanafunzi anayetoka Kenya hapati msaada wa fedha wa serikali ya Marekani, kwa hiyo anautegemea mfuko wa chuo chenyewe. Na vyuo vingi, vinapompima mgeni, hutazama pia kama atahitaji fedha. Visivyotazama hilo ni vichache mno, miongoni mwavyo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin. Kaeni na mtoto mpige hesabu kabla ya sahihi. Chuo karibu kila kimoja kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake, kitumieni, na muwaandikie ofisi ya fedha muwaulize wazi kuhusu wanafunzi wa kigeni.

Haya, sasa nije kwenye kungoja kwenyewe, maana hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Chuo hakikupigii simu. Kinatuma barua pepe fupi inayosema kuna taarifa mpya kwenye akaunti yako, basi. Haikwambii ndiyo wala hapana. Inabidi uingie, uandike neno la siri, ubonyeze, ndipo uone. Na kabla ya siku hiyo, chuo hichohicho kinatuma barua nyingine tele: karibu kwenye mazungumzo ya wanafunzi, hakikisha alama zako zimefika, tazama picha za mabweni yetu. Juzi tulikuwa tunakula, simu ikalia, binti yangu akaliacha tonge sahanini mwake akanawa mkono mbio mbio. Ilikuwa tangazo la mabweni. Akarudi akakaa, akasema, "Mama, si kitu," lakini hakula tena. Nilimwangalia nikaona mabega yamepanda mpaka karibu na masikio.

Nimejiuliza sana kwa nini jambo hili linawauma hivi, na naona sababu iko kwenye namna ya kuomba. Sisi nyumbani tumezoea alama. Mtoto anafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, anapata gredi yake, anajaza machaguo, na KUCCPS, ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, inampanga. Akikosa udaktari anajua amekosa kwa pointi ngapi. Inauma, lakini ina maelezo. Huku alama ni sehemu tu. Mtoto anaandika insha yenye maneno yasiyozidi 650 kuhusu maisha yake. Binti yangu ameandika juu ya nyanya yake wa Voi, juu ya kukua akitafsiri barua za hospitali kwa ajili ya wageni wa nyumbani kwetu. Walimu wake wawili wameandika jinsi wanavyomjua. Kwa hiyo jibu likija la kukataa, bila sababu hata moja, mtoto wa miaka 17 anasikia kwamba amekataliwa yeye mwenyewe, na nyanya yake, na nyumba aliyolelewa. Si kweli, lakini ndivyo anavyosikia.

Sasa juu ya mzigo huo, ongezeni ukoo. Kwenye grupu letu la WhatsApp kila asubuhi kuna mtu: "Majibu bado?" Mjomba wake ameshaanza kuulizia tarehe ya harambee. Shangazi yake amewaambia watu wa kanisani. Wanafanya hivyo kwa upendo, nami nawapenda kwa hilo. Lakini niliwaandikia, na ninawaambia nanyi: msimuulize mtoto. Niulizeni mimi. Nikinyamaza, jueni hakuna jipya. Tangu hapo grupu limetulia, na yeye ameanza tena kulisoma na kumtumia nyanya yake ujumbe wa sauti.

Tena mjue kwamba Desemba kuna jibu la tatu. Chuo kinaweza kuahirisha, yaani kinampeleka mtoto akapimwe upya pamoja na waombaji wa kawaida, na anajibiwa Machi. Desemba 2023 Harvard ilikuwa na waombaji wa mapema 7,921, ikawakubali 692. Wengi wa waliobaki hawakukataliwa, waliahirishwa. Akiahirishwa, atume alama mpya za shule na barua fupi ya ukurasa mmoja kusema bado anakitaka chuo hicho na nini kimeongezeka tangu Novemba. Asitume barua kila wiki. Na maombi ya vyuo vingine yawe yameandikwa tayari kabla majibu hayajatoka, maana kati ya katikati ya Desemba na mwanzo wa Januari ni wiki mbili na kitu, na mtoto aliyetoka kulia hawezi kuandika insha nzuri usiku wa Krismasi. Hilo nimelisimamia kwa ukali humu ndani.

Wenye watoto huko Kenya, nyinyi mna la ziada. Mwisho wa kuomba mapema, tarehe 1 Novemba, unaangukia katikati ya KCSE. Mtoto anaandika insha huku kesho ana karatasi ya hesabu. Kisha anangoja chuo Desemba, na anangoja matokeo ya KCSE Januari. Kama mna nafasi ya kusubiri mwaka mmoja, subirini. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, yule mkimbiaji wetu wa shaba ya mita 800 kule Munich 1972, huwachukua vijana waliokwisha kupata matokeo yao, ndipo huwaandaa kuomba vyuo vya huku. Nauona huo ni utaratibu wa huruma.

Jambo moja la saa. Vyuo vingi vya upande huu wa mashariki hutoa majibu jioni. Saa moja jioni kwetu ni saa tisa usiku kwenu. Kama mwanao anataka kuamka afungue, amkeni naye, lakini kaeni sebuleni mpaka awaite. Kama anataka kulala mpaka asubuhi, mwacheni alale, jibu halibadiliki.

La binti yangu litatoka wiki ijayo. Atalifungua mwenyewe chumbani kwake, hivyo ndivyo alivyoomba, na mimi na baba yake tumekubali. Msiniulize hapa chini amepata wapi. Akitaka mjue, atakuja kukaa hapa awaambie kwa mdomo wake. Ila kama una mtoto anayengoja, niandikie unaishi wapi na aliomba kwa namna gani, nitajibu kila mmoja. Video ijayo tutajaza pamoja CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa fedha wa chuo, andaeni hati za mishahara.