Mzigo Unaojitangaza: Vifungashio na Nyongeza kwa Duka la Nguo la Mtandaoni

Habari zenu watazamaji. Leo tunafunga mzigo mmoja mwanzo hadi mwisho, fulana moja ya saizi ya kati, na kila hatua tunaamua: hapa panahitaji jina la duka au la? Mfuko wa nje huchanwa na kutupwa siku hiyohiyo. Kinachobaki nyumbani kwa mteja ni kidogo sana, na pesa yako ya matangazo inatakiwa iende kwenye hicho kidogo. Wengi hufanya kinyume: mfuko wa nje unang'aa, ndani kuna fulana iliyosokomezwa na risiti.

Anza na hesabu. Chukua bei unayouzia, toa gharama ya nguo, makato ya malipo, na nauli ya mzigo kama unailipa wewe. Kinachobaki, kifungashio na nyongeza, yaani kizawadi cha bure ndani ya mzigo, kwa pamoja visile zaidi ya sehemu moja ya kumi. Orodhesha kila kitu: mfuko, karatasi, stika, kadi, zawadi, utepe, na muda wa mfungaji. Muda ndio husahaulika. Ukitumia dakika 6 kwa mzigo mmoja, oda 40 zinakula saa 4 nzima.

Sasa mfuko. Kwa fulana moja au mbili, mfuko wa plastiki wenye gundi mdomoni, sentimita 25 kwa 33, unatosha. Hudi au jinzi, nenda kwenye 35 kwa 45. Unene uwe kama mikroni 60, yaani milimita 0.06. Ule mwembamba sana hutoboka zipu au kifungo kinapobanwa chini ya mizigo mingine. Usinunue mkubwa kupita kiasi, nguo itateleza ndani na mkunjo wote utafumuka kabla haijafika.

Boksi ni zuri kwenye kamera, lakini lipigie hesabu kwanza. Wasafirishaji wengi wa kimataifa hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ukubwa, kisha wanatoza ule mkubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu gawanya kwa 5000. Boksi la 30 kwa 25 kwa 10 linatoa 7500. Gawanya, unapata kilo 1.5. Fulana yako ina gramu 200 hivi. Umelipia hewa. Weka boksi kwa nguo za shanga, kofia, au seti ya zawadi.

Jina la duka kwenye mfuko? Viwanda vingi huchapisha kwa mamia au maelfu, na ukibadilisha nembo baada ya miezi michache, stoo yote imekufa. Anza na mfuko mtupu wa rangi moja na stika ya duara ya sentimita 5. Kama mfuko wako ni wa karatasi ya kaki, muhuri wa mpira ni rahisi zaidi. Kwenye plastiki usijaribu muhuri wa wino wa kawaida: haukauki vizuri, unachafua vidole vya mteja. Na nje pasiandikwe kilichomo. Jina la duka linatosha. Mzigo uliotangaza thamani yake njiani una marafiki wengi.

Ukipeleka kazi kwa mchapaji, mpe faili la vekta, yaani mchoro wa kompyuta unaokuzwa bila kupoteza ukali, siyo picha uliyoitoa kwenye simu, maana ikikuzwa kingo zinakuwa na ukungu. Acha milimita 3 za ziada kila upande za kukatiwa. Rangi ya kwenye skrini haitatoka vilevile kwenye karatasi, kwa hiyo omba sampuli moja kabla ya kuruhusu kazi yote. Kwenye kaki rangi hafifu hupotea, tumia nyeusi au rangi nzito.

Tukunje. Piga pasi, kisha subiri. Hapa ndipo watu wa haraka huharibu: nguo yenye joto la pasi ikifungwa, mvuke unabaki ndani, inafika na harufu ya uvundo, na karatasi ya rangi inaweza kuchuja kwenye kitambaa. Iache dakika 10 ipoe kabisa. Laza fulana kifudifudi, weka kadi ngumu ya ukubwa wa A4 katikati, chini kidogo ya kola. Kunja upande wa kulia na mkono wake, halafu wa kushoto, kisha pandisha pindo mara mbili. Chomoa kadi. Kila fulana ya duka lako sasa ina upana uleule, hata akikunja mtu mwingine.

Karatasi laini ya kufungia, sentimita 50 kwa 75, shuka moja kwa fulana moja. Nguo nyeupe ifungwe kwa karatasi nyeupe, bila mjadala. Ukigonga muhuri kwenye karatasi hii, gonga leo, funga kesho. Wino mbichi huhamia kwenye kitambaa. Fungia kwa stika moja, igande karatasi kwa karatasi, isiguse nguo kamwe, kwa kuwa gundi huacha doa.

Juu yake kadi. Ukubwa A6, karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, mbele ing'ae ukipenda, nyuma ising'ae. Kalamu haishiki kwenye karatasi inayong'aa, na jina la mteja lililoandikwa kwa mkono ndilo linalofanya kadi ipigwe picha. Nyuma, pamoja na jina hilo, chapa mambo matatu tu: namna ya kufua nguo hii, siku za kurudisha, na msimbo wa punguzo. Ukiweka QR, ule msimbo wa mraba unaosomwa kwa kamera ya simu, isipungue sentimita 2 kwa 2, rangi nzito juu ya nyeupe, na pembeni pawe wazi. Iskani kwa simu mbili tofauti kabla ya kuchapa. Ielekeze kwenye ukurasa unaoumiliki wewe, ili anwani ikibadilika kadi zisigeuke takataka.

Nyongeza sasa. Hapa tunatumia muda kidogo kwa sababu ndipo penye faida. Vinyororo vya funguo vyenye nembo kubwa viacheni, hakuna anayetembea na tangazo la mtu. Peremende huyeyuka na kuvutia sisimizi. Marashi yakivuja yanaharibu oda nzima, na kupulizia nguo marashi ni kuwakera wenye mzio. Nyongeza nzuri haivuji, haivunjiki, haina saizi, na inatumika kila wiki.

Kibana nywele cha kitambaa kinatimiza yote, kama wateja wako wanakitumia. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 50. Kunja kwa urefu, upande mzuri uwe ndani, shona ukiacha sentimita 1 kutoka ukingoni, kigeuze kwa pini. Pitisha lastiki ya milimita 6, urefu sentimita 20, ncha zake zipandane sentimita 1.5 ushone, kisha funga mdomo. Ukikata lastiki sentimita 15 itabana mno nywele nzito. Kipande chenye upana chini ya sentimita 8 hakitoi mikunjo. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 inatoa vipande 30, lakini mabaki ya kwa fundi cherehani ni bora zaidi: kinafanana na nguo aliyonunua, na atavivaa pamoja. Nembo iwe lebo ndogo ya sentimita 1 kwa 3 kwenye mshono.

Kwa duka la mashati, weka kifungo cha akiba na mita moja ya uzi wa rangi ileile. Hakina mbwembwe, lakini kinatunzwa kwenye droo pamoja na jina lako.

Usitangaze nyongeza kwenye ukurasa wa bidhaa. Ukitangaza imekuwa deni, na siku stoo ikiisha utapokea malalamiko juu ya kitu cha bure. Wala usiiambatanishe na sharti la nyota tano. Amazon, kwa mfano, hairuhusu kununua maoni kwa zawadi. Omba picha, basi.

Piga picha mzigo ukiwa wazi, ufunge, bonyeza gundi kwa kiganja sekunde 10, kisha udondoshe kutoka usawa wa kiuno. Ukifungua mkunjo umefumuka, punguza saizi ya mfuko.

Mwisho, pima. Chapa kadi za aina mbili zenye misimbo tofauti ya punguzo lilelile. Oda 50 ziende na nyongeza, 50 bila, zikipishana moja moja, siyo wiki hii na wiki ijayo, maana mwisho wa mwezi huvuruga hesabu. Baada ya siku 60 hesabu misimbo iliyorudi. Kama tofauti ni mtu mmoja au wawili, bado hujajua kitu. Rudia na oda nyingine 100 kabla ya kuagiza nyongeza kwa gunia.