Herufi mbili ukutani: mhadhara kuhusu makao makuu ya reli na wapangaji wake

Bwana Mwenyekiti, asante. Mabibi na mabwana, hamjambo. Naziona sura ninazozijua, na najua wapo humu walionisikia juu ya jambo hili mara tatu, mara nne. Mnivumilie. Nitanyamaza siku nitakayoacha kulisikia lile neno, "matumizi ya asili".

Jengo la zamani la reli likitajwa tu, atasimama mtu, mara nyingi amevaa tai, na kusema: lirudishwe kwenye matumizi yake ya asili, na ikishindikana liwe makumbusho. Watu wanapiga makofi. Kikao kinafungwa. Paa linaendelea kuvuja. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha saa nne kilichojadili rangi ya mlango wa mbele, na ghorofa ya juu kabisa mvua ilikuwa inanyesha ndani. Nilikwenda mwenyewe kuangalia. Kulikuwa na ndoo mbili, na zote zimejaa.

Sasa leo nataka tuliulize neno hilo: asili ipi? Kwenye tangazo niliahidi majengo matano. Tutafika tutakapofika. Fundi, nionyeshe picha ya kwanza.

Hili liko New York, limekaa katikati ya Park Avenue, kati ya mtaa wa 45 na wa 46, ghorofa 35, paa lake limechongoka kama kofia ya sherehe. Lilikamilika 1929. Ni makao makuu ya kampuni ya reli ya New York Central, kazi ya wasanifu Warren na Wetmore, wale wale waliohusika na stesheni ya Grand Central iliyo nyuma yake. Tazameni chini kule: magari yanapita tumboni mwa jengo, kuna matundu mawili, yanaingia huku yanatokea kule. Msichokiona ni kwamba chini ya magari kuna treni. Jengo zima limesimama juu ya njia za reli, na nguzo zake za chuma zimepenyezwa kati ya njia na njia.

Kwa nini mtu ajenge ofisi juu ya treni? Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Januari 1902, ndani ya handaki la Park Avenue, treni iligonga treni nyingine kwa sababu moshi wa injini za mvuke uliziba taa za ishara. Watu 15 walikufa. Sheria ikaja: kuanzia 1908 hakuna injini ya mvuke mle. Kampuni ikalazimika kuweka umeme, na injini ya umeme haitoi moshi. Kama hakuna moshi, njia za reli unaweza kuzifunika. Ukizifunika, juu yake kuna nini? Hewa. Na mhandisi wao, William Wilgus, akapata wazo ambalo wenye nyumba wote duniani wanapaswa kumshukuru: hewa ile inauzwa. Ndiyo, haki ya anga. Mahoteli na majumba ya kupanga yakapandwa juu ya treni, na kodi ikalipia stesheni.

Mnaona ninakoelekea? Haya makao makuu yalikuwa zao la biashara hiyo hiyo. Wakubwa wa reli walikaa humo, sawa, lakini ghorofa nyingi zilikuwa za kupangisha tangu rangi haijakauka. Mmoja wa wapangaji wa mwanzo, ghorofa ya tisa, alikuwa Salvatore Maranzano, aliyejiita mkubwa wa wakubwa wa mafia New York. Mlangoni ofisi yake ilionekana ya biashara ya majumba. Tarehe 10 Septemba 1931 waliingia wanaume waliojifanya maofisa wa serikali wakamuua humo humo ofisini. Kwa hiyo ndugu yangu wa tai akisema "turudishe matumizi ya asili", mimi humuuliza kwa adabu: tuanze na yapi?

Nashukuru mnacheka, maana hadithi hii nimeisimulia kwenye kumbi ambazo hakucheka mtu.

Tuje kwenye herufi, ndizo zilizonileta. Reli za Marekani baada ya vita ziliingia taabani. Abiria wakanunua magari, wakapanda ndege, mizigo ikahamia kwenye malori. Wenye kuliendesha jengo lile wakataka jina jipya. Ukutani palikuwa na maandishi: NEW YORK CENTRAL BUILDING. Basi andikeni CENTRAL kwenye karatasi zenu. Andikeni, msiniangalie mimi. Herufi saba. Chini yake andikeni GENERAL. Nayo saba. Haya, linganisheni. Herufi ya kwanza, C, imekuwa G. Ya nne, T, imekuwa E. Zilizobaki hazikuguswa. Jengo la ghorofa 35 likawa New York General Building kwa kubadilisha herufi mbili!

Watu wa urithi wakisikia hivi hushika vichwa. Mimi huvua kofia. Fikirieni kilichotokea pale. Mtu fulani, siyo msanifu wala profesa, ana ukuta na hataki gharama. Angeweza kuubomoa uso wote aweke vioo, kama walivyofanya wengi miaka ile. Badala yake akakaa akahesabu herufi. Ukarabati wenye heshima kuliko ule mimi sijauona, na aliyeufanya alikuwa anabana pesa tu. Ubahili umeokoa majengo mengi kuliko sheria, ingawa najua mwanasheria wetu pale mbele hatapenda.

Naam, naona amekunja uso. Subiri dada, nakuja kwako.

Jina halikuishia hapo. Kampuni ya reli yenyewe iliungana na mshindani wake 1968, wakaitwa Penn Central, na Juni 1970 wakafilisika. Wakati ule hapakuwa na muflisi mkubwa kuliko yeye katika historia ya Marekani. Mwaka 1977 jengo likanunuliwa na Harry Helmsley, akaliita Helmsley Building na mapambo yake akayapaka dhahabu. Sipendi dhahabu ile, ni kama meno ya bandia. Lakini mapambo hayakung'olewa, saa kubwa na sanamu zake bado ziko mahali pake, na mwaka 1987 jiji likaliweka chini ya ulinzi wa sheria. Mjane wa Helmsley alipoliuza 1998 alitoa sharti kwamba jina lisibadilishwe. Yaani katika wote waliopita, reli yenyewe ikiwemo, aliyefikiria kulinda jina ni mjane huyo, naye alilinda jina la mumewe.

Haya, sheria. Dada ana haki, na nisipolisema hili atanisubiri mlangoni. Grand Central iliyo mgongoni mwa jengo hili ingekuwa imebebeshwa mnara wa ofisi kama siyo kesi ya Penn Central dhidi ya jiji la New York. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua 1978 kwamba jiji linaweza kumzuia mwenye jengo la urithi asilijengee atakavyo, na huko siyo kumnyang'anya mali. Sheria ilishinda, sibishi. Ninachosema ni kwamba hukumu haizibi paa. Anayeziba paa ni mtu anayelala chini yake, au anayepokea kodi ya wanaolala chini yake.

Picha inayofuata. Hapana, hiyo ya Baltimore, tutairudia. Hiyo, simama hapo.

Chicago, Railway Exchange, 1904, ghorofa 17, vigae vyeupe vya udongo wa kuchoma. Nataka mtazame madirisha ya duara kule juu, halafu mtazame katikati: jengo lina tundu, ua wa ndani. Hapa ndipo penye jambo wanafunzi wa usanifu wanalopaswa kulikariri. Ofisi ya reli ya wakati ule ilikuwa kiwanda cha karatasi. Kila gunia lililosafiri lilikuwa na hati ya mzigo, kila hati ilinakiliwa kwa mkono, gharama zikagawanywa kati ya kampuni hii na ile, na makarani kwa mamia walikaa kwenye meza kwa safu wakijumlisha. Karani anahitaji mwanga. Taa zilikuwa hafifu na kiyoyozi hakikuwepo. Kwa hiyo hakuna meza iliyoweza kukaa mbali na dirisha, na jengo likalazimika kuwa jembamba na kuzunguka ua.

Basi lichukueni jengo hilo jembamba leo. Limejaa madirisha, kila chumba kinapata hewa. Ni hoteli hiyo! Ni nyumba za kupanga! Mabweni ya wanafunzi, ukitaka. Yule karani na macho yake mabovu ndiye aliyelipa jengo maisha ya pili. Ofisi za miaka ya sabini, zile pana kama uwanja zenye vioo visivyofunguka, jaribuni kuzigeuza nyumba. Katikati kutakuwa giza totoro, nani atalala humo? Popo.

Na humo ndani ya Railway Exchange hawakukaa watu wa reli peke yao. Daniel Burnham, ambaye ofisi yake ndiyo iliyolisanifu, alipanga ghorofa ya 14, na kwenye chumba kilichojengwa juu ya paa ndiko ulikochorwa mpango wa jiji la Chicago uliotoka 1909. Jiji zima limechorwa juu ya paa la watu wa reli. Kwa miaka mingi paani palikuwa na bango la Santa Fe, reli iliyokuwa na makao yake humo. Mwaka 2012 likashushwa likawekwa la Motorola, na lile la zamani likapelekwa kwenye makumbusho ya reli ya Illinois. Mnaona? Siyachukii makumbusho. Bango linakaa vizuri makumbusho. Lakini ghorofa 17 utazijaza kofia ngapi za mastesheni masta?

Haya, Mwenyekiti amekohoa. Nakimbia.

York, Uingereza, kwa kifupi. Makao makuu ya North Eastern Railway, 1906. Mwaka 1923 kampuni ikamezwa na nyingine, 1948 serikali ikachukua zote, na siku hizi ni hoteli. Palipokuwa vyumba imara vya kufungia mali chini ya jengo, watu wanaogelea. Jirani yake ndiyo inayonifurahisha zaidi: stesheni ya 1841, ambayo treni ziliiacha 1877 kwa sababu ilikuwa ndani ya kuta za mji wa kale na treni zilikuwa zinaingia kinyumenyume. Ikawa ofisi za reli. Sasa ni ofisi za baraza la mji tangu 2013. Ukienda kulalamika takataka hazijazolewa, unalalamikia kwenye stesheni.

Najua swali linalokuja: hoteli ni ya wenye pesa, mwananchi amenufaika nini? Swali zuri, na sina jibu tamu. Naweza kusema tu kwamba karani wa 1906 naye hakuwa akiitwa kunywa chai kwenye chumba cha wakurugenzi. Jengo la baraza ni bora zaidi, nakubali, pale ambapo baraza lina fedha. Mkilipata baraza lenye fedha mniambie.

Baltimore nairuka. Makao makuu ya reli yaliyogeuka hoteli vile vile, 1906 vile vile, na jengo lililotangulia liliungua katika moto mkubwa wa 1904. Mumbai nayo naiacha, ingawa inanisuta: jengo la msanifu Stevens bado ni stesheni na bado ni makao makuu ya reli, zaidi ya miaka 130, na kilichobadilika ni jina tu. Mtu wa tai aishike hiyo, ni zawadi yangu kwake.

Ya mwisho, Detroit. Michigan Central, 1913, wasanifu ni Warren na Wetmore tena pamoja na Reed na Stem. Chini stesheni, juu mnara wa ofisi za reli, mkubwa mno. Baadhi ya ghorofa za juu hazikuwahi kumaliziwa ndani. Treni ya mwisho iliondoka Januari 1988, mlango ukafungwa, na kwa miaka 30 hakukaa mpangaji. Tazameni picha hii, na hii. Shaba imekwenda, marumaru imekwenda, vioo vyote vimekwenda, ghala la chini limejaa maji. Moto haukupita hapa, wala bomu. Ulipita mlango uliofungwa, basi.

Mwaka 2018 kampuni ya magari ya Ford ililinunua. Magari, ndiyo, yale yale yaliyoua treni. Msinitolee macho, mimi sikupanga. Habari zilipotoka, mtu akapiga simu kwenye makumbusho ya Henry Ford bila kutaja jina. Akasema ile saa iliyoibwa stesheni miaka mingi iliyopita anayo yeye, na angependa irudi nyumbani. Nendeni mahali fulani mtaikuta. Wakaenda. Saa ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jengo lililoungua, inawasubiri. Miaka yote jengo lilipokuwa tupu hakuirudisha. Aliirudisha aliposikia kuna mtu anahamia. Jengo lilifunguliwa tena Juni 2024.

Fundi, washa taa tafadhali. Nimebakiwa na dakika moja ya maswali, na naomba la kwanza lisiwe la makumbusho.