Bibi Titi Mohamed na miaka tunayoiruka

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, ndugu zangu wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie wasifu wa wanasiasa kama njia ya kuielewa historia ya nchi. Nitamchukua mtu mmoja tu, Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake katika kudai uhuru wa Tanganyika, maana naamini maisha yake yakisimuliwa yote yanatuonyesha mambo ambayo mihtasari ya vikao vya TANU, chama kilichopigania uhuru huo, haiyaonyeshi. Nasema yakisimuliwa yote kwa sababu tumezoea kuyakata katikati.

TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na walioiasisi katika mkutano ule walikuwa wanaume watupu. Mwaka uliofuata akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Ndipo akatafutwa Titi awavute wanawake chamani. Kadi yake ilikuwa namba 16, ya mumewe, Boi Selemani, namba 15. Elimu yake ilikuwa ya darasa la nne.

Sasa tujiulize, kwa nini yeye? Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Tusiidharau ngoma, jamani. Kikundi cha namna ile kilikuwa na viongozi wake, michango yake na mahasimu wake mtaani. Mzaramo alikaa humo na Mmanyema na Mnyamwezi, wakachangiana harusini, wakazikana. Kwa hiyo Titi hakuanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Aliwaendea viongozi wa vikundi, nao wakaja na watu wao. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi.

Tena tazameni ni wanawake gani. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na TANU, hivyo karani alikuwa na ajira ya kupoteza. Muuza maandazi hakuwa na bosi wa kumfukuza. Alikuwa na senti zake mwenyewe, na wateja wa kuwapa habari. Umoja ule wa makabila tunaousifia kwenye hotuba ulikuwa umeshafanyiwa mazoezi uwanjani, usiku, na akina mama hawa, kabla mwanasiasa yeyote hajaupa jina. Bila kumfuata Titi, hilo hulioni.

Wasifu wake mwingi huishia hapo: uhuru wa 1961, uwaziri mdogo, uenyekiti wa UWT, umoja wa wanawake wa nchi, ulipoundwa mwaka 1962. Kisha tunaruka. Mimi naona miaka tunayoiruka ndiyo yenye somo zito zaidi.

Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, na miongoni mwa masharti ya uongozi ni kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Titi alilipinga sharti hilo, akajiuzulu Kamati Kuu ya chama. Ni rahisi kumwita mpenda mali tukaishia hapo. Lakini lisomeni Azimio mkiwa upande wake. Kiongozi mwenye shahada alikuwa na elimu ya kumrudisha kazini siku siasa ikimtupa. Mwanamke wa Dar es Salaam mwenye darasa la nne angeegemea nini uzeeni, kama si chumba cha kupangisha? Azimio lilikuwa na haki ndani yake, nalisema kwa moyo mmoja. Hata hivyo sharti lilelile halikuwabana wote sawasawa, na hilo utalijua tu ukiuliza lilivyoingia katika nyumba ya mtu fulani.

Oktoba 1969 akakamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri, na wenzao, kwa tuhuma za kula njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyedaiwa kuwa kinara, alikuwa London. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Titi alikana mashtaka. Akahukumiwa kifungo cha maisha, mumewe akampa talaka akiwa gerezani, na mwaka 1972 akatoka kwa msamaha wa Rais. Miaka mingi ikapita bila kutajwa. Mwaka 1991, uhuru ulipotimiza miaka 30, gazeti la chama tawala likamwita shujaa. Alifariki Johannesburg Novemba 2000, na leo barabara inayopita Mnazi Mmoja ina jina lake.

Kuna watakaosema kuyafukua haya ni kumvunjia heshima marehemu na kumchafua Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais wakati ule. Sikubali. Taifa lililoweza kumwinua, kumfunga, kumnyamazia na kumwinua tena mtu yuleyule ndilo taifa letu hasa, na Mwalimu pia anaeleweka zaidi akionekana akiamua mambo magumu juu ya watu waliomjenga. Kwa hiyo anayetaka kumwandika Bibi Titi aanze na kumbukumbu za kesi ile ya 1970, aziweke mezani pamoja na masimulizi yake mwenyewe aliyoyatoa kwa watafiti alipokuwa hai, kisha aende Temeke na Kariakoo kuwauliza wajukuu wa wana-Bomba walichosikia nyumbani miaka ile ambayo redio haikumtaja.