Kwa Nini Najaza Rangi Yangu Kwenye Fomu za Waingereza

Haya, karibuni tena ndugu zangu wa Arua, Bombo, Kampala na popote mlipo. Leo nijibu swali moja tu, maana kila nikipandisha video linarudi: "Dada, kwa nini unakubali kuandika kwenye fomu za kuombea kazi huko Uingereza kwamba wewe ni Mweusi? Si kujidhalilisha huko?"

Najua atatokea wa kusema naringa kwa sababu niko Leicester, na mwingine atasema nalalamika huku nakula pauni. Pauni zipi? Kwa viza kama yangu ya kumfuata mume, ada ya matibabu peke yake ni pauni 1,035 kwa mwaka, na unalipa ya kipindi chote kwa mkupuo kabla hujaumwa hata mafua. Kyeyo mnayoisikia, yaani vibarua vya ughaibuni, ndiyo hiyo.

Turudi kwenye fomu. Ile karatasi ya rangi huwa inatenganishwa na maombi ya kazi, na kujaza si lazima. Inahesabu nani aliomba, nani aliitwa, nani akachukuliwa. Kumpa mtu kazi kwa rangi yake tu ni kosa chini ya Sheria ya Usawa ya 2010. Ila wawili wakilingana sifa, mwajiri anaruhusiwa kumchukua wa kundi lililoachwa nyuma. Basi. Na nyinyi mnaonicheka, fomu ya kitambulisho cha taifa si mmejaza kabila? Chuo Kikuu cha Makerere wasichana walianza kuongezewa pointi 1.5 za kuingilia mwaka 1990, sijasikia mtu akisema wamedhalilishwa.

Binamu yangu yuko Lyon, yeye ananibishia. Ufaransa hawaulizi, sheria yao ya 1978 imebana sana ukusanyaji wa taarifa za rangi na asili ya mtu. Wana sababu: wakati wa vita Wayahudi waliandikishwa, na orodha zikatumika kuwakamata. Na kwetu hapo, vuka mpaka wa Katuna tu: kitambulisho cha Rwanda hakina kabila tena, sihitaji kuwaeleza kwa nini. Kwa hiyo simwoni mjinga. Lakini yeye na wenzake wakinyimwa kazi mfululizo, watashika hesabu gani mkononi?

Jirani yangu hapa, mzee Mhindi aliyezaliwa Jinja, Kiswahili chake kinanishinda, naye hagusi hiyo karatasi. "Amin alishanihesabu kwa rangi, mama, inatosha." Na 1972 hiyohiyo Amin alipowafukuza Wahindi Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku! Sasa mzee kama huyo nitamfundisha nini?

Mimi kilichonibadilisha ni ghala ninalofanya kazi. Meneja wetu wimbo wake ni mmoja: "Mimi sioni rangi, sote hapa ni familia." Ratiba ya zamu imebandikwa pale kwenye mashine ya chai. Soma majina ya usiku: Okello, Fatuma, Patel, Adeyemi. Soma ya mchana, wale wanaokaa kwenye kompyuta: utadhani ni nchi nyingine. Nilipomuuliza akasema imetokea tu hivyo. Imetokea tu, kila wiki! Na kwa sababu ya zamu hiyo ya usiku, nyumbani mnanipigia simu za karo wakati nimelala mchana, lakini hilo tuliache.

Fomu imenisaidia? Bado. Zilikwenda ofisini, zikakaa. Ila mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi alipodai hesabu ya zamu, hawakuweza kusema hawajui nani ni nani, maana tulishaandika wenyewe.

Hayo ni yangu. Wewe ukija, kuna kisanduku cha "sipendi kusema", tia tiki hapo kama roho inakataa, hakuna atakayekufukuza. Na wale wa kuniomba barua ya mwaliko, leo sijibu.