Haibridi haipimwi kwa kushuka Kyela

Mhadhara kwa madereva na mafundi, Mbeya

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za mchana. Haibridi inavyofanya kazi mnajua, nusu yenu mmekuja na Aqua na Prius, kwa hiyo habari ya mota ya umeme na injini ya petroli kusaidiana naiacha. Nina jambo moja, na walionisikia mahali pengine watanivumilia maana nitalirudia mpaka lisikike: mafuta tunayapima vibaya. Kwa kipimo hicho kibovu watu wanauziana magari, wanalaumu betri isiyo mbovu, wanabadilisha vifaa visivyo na kosa.

Mtu anajaza mafuta hapa mjini, anashuka Kyela. Akifika anatazama dashibodi, tuseme imeandika kilometa 28 kwa lita. Anapiga picha, anarusha kwenye grupu. Kesho yake anapandisha, dashibodi inaandika 16. Moja kwa moja gereji: "Fundi, betri imekufa." Haijafa! Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela kama mita 500. Umelinyanyua gari mita 1,200 kwenda juu, na kunyanyua kunalipiwa.

Tupige hesabu pamoja. Aqua yenye watu wanne na mizigo yao ina kama kilo 1,400. Kuipandisha mita 1,200 kunataka karibu kilowati-saa 4.6 kwenye magurudumu. Lita moja ya petroli ina kama kilowati-saa 9, lakini hata injini nzuri ya haibridi inakupa kama theluthi yake, nyingine inatoka kama joto. Kwa hiyo mlima peke yake unakula karibu lita moja na nusu, juu ya yale mafuta ambayo ungetumia kwenye tambarare. Na hapo sijahesabu kwamba ukitoka Uyole unapanda kwanza hadi Isyonje ndipo unashuka Kiwira, na kurudi ni vivyo hivyo.

Najua kuna anayesema moyoni: "Lakini si betri inajichaji wakati wa kushuka? Mlima si unarudisha?" Hili ndilo swali lenyewe, na hapa sina haraka. Betri kubwa ya Aqua ya kwanza ni volti 144, ampea-saa 6.5. Zidisha: haifiki hata kilowati-saa moja. Na kompyuta ya gari hairuhusu itumike yote. Inaicheza katikati, kama asilimia 40 hadi 80, ili idumu miaka. Kinachobaki cha kutumia ni chini ya kilowati-saa 0.4. Mlima una 4.6, chombo cha kukingia kina 0.4. Mnaona? Hata ukianza kushuka betri ikiwa chini kabisa, ndani ya kama mita 200 za wima imejaa, na Kyela bado iko mbali. Baada ya hapo gari halina pa kuweka nguvu. Inaishia kwenye breki, au injini inazungushwa bila mafuta ili kulizuia gari. Ndiyo maana mkifika katikati ya mteremko mnasikia injini inavuma na mnaogopa. Msiogope, iko kazini.

Kwa hiyo haibridi inalipa vizuri mahali pa kusimama na kuondoka, kama hapa mjini: Mwanjelwa, Kabwe, Mafiat saa za jioni. Kila breki pale ni ndogo, betri inadaka sehemu kubwa ya nguvu yake, kisha inaitoa ukiondoka. Mlima mrefu hauna biashara hiyo. Anayewaambia kwamba haibridi inapanda mlima Kitonga bure anawadanganya.

Na wastani nao mnaukosea. Mtu anachukua 28 na 16, anajumlisha, anagawa kwa mbili, anapata 22. Siyo. Chukua kilometa 100 kwenda na 100 kurudi. Kushuka kwa 28 umetumia lita 3.57, kupanda kwa 16 umetumia 6.25. Jumla lita 9.82 kwa kilometa 200, sawa na 20.4 kwa lita. Tunajumlisha lita na kilometa, ndipo tunagawa.

Basi pimeni hivi. Sheli moja, pampu ileile, gari limesimama palepale. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata kidogo. Rudisha tripu kwenye sifuri. Endesha kilometa 400 au zaidi, na safari iwe ya kwenda na kurudi, gari liishie pale lilipoanzia. Rudi kwenye pampu ile, jaza mpaka ikate, soma lita kwenye mashine, gawa kilometa kwa lita. Fanya mara tatu mfululizo. Dashibodi iachieni kazi ya kulinganisha wiki hii na wiki iliyopita. Mara nyingi inawapendelea.

Kuna mwingine atanionyesha karatasi ya mnada wa Japani: Aqua, kilometa 35.4 kwa lita. Namba hiyo ni ya kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Gari liko maabara juu ya rola, wastani wa mwendo ni kilometa 24.4 kwa saa, mwendo wa juu 81.6, hakuna mlima wala kiyoyozi. Haikuandikwa kwa ajili ya barabara ya Tukuyu yenye lumbesa mbili za viazi nyuma. Ukipata 20 hapa kwetu, gari lako ni zima.

Sasa kushuka kwa frii. Hili linaniuma kwa sababu linaua watu. Dereva anaweka N, gia huru, ili aokoe mafuta. Kwenye haibridi haokoi chochote: ukiwa D, gia ya kwendea, na mguu umetoka kwenye mafuta, injini iliyokwisha kupata moto haichomi. Ukiweka N betri haichajiwi kabisa, mota haikusaidii kuzuia, mzigo wote uko kwenye pedi na diski. Kaa D. Kwenye mteremko mrefu, betri ikikaribia kujaa, weka B, gia ya kuzuia kwa injini. Injini itazuia gari na breki zitabaki baridi. Ila usitembee na B mjini ukidhani inachaji zaidi. B inatupa nguvu ambayo D ingeiweka kwenye betri.

Muda unanikimbia, nigusie baridi. Juni na Julai mtu anatoka Forest kwenda Sokomatola, hapa hapa mjini, hita iko juu, analalamika injini haizimi. Haitazima, maana joto la hita linatoka kwenye maji ya injini, na injini baridi lazima ipashwe kwanza. Unganisha shughuli mbili tatu kwenye safari moja, ili injini ipashwe mara moja tu.

Upepo wa tairi: fuata kibandiko cha mlangoni, pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Joto likishuka nyuzi 10, unapoteza kama psi moja na nusu. Oili: injini hizi zimetengenezewa 0W-20, oili nyepesi, na mafundi mnaweka 20W-50, oili nzito, kwa mazoea. Acheni, nawaomba. Mwendo: upepo unaolipinga gari kwenye kilometa 110 kwa saa ni karibu mara mbili ya ule wa 80, kwa hiyo anayekimbia Makambako asilaumu betri.

La mwisho ni feni ya betri. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu la hewa. Vumbi la barabara za vijijini linaziba pale, abiria wanaweka mabegi, betri inachemka, kompyuta inaibana isitumike, mafuta yanapanda. Msimbo P0A80, wa hitilafu ya betri kubwa, ukitokea, kabla hujatoa mamilioni kununua betri safisha tundu na feni, kisha pima volti za kila bloku, yaani kila kundi la seli za betri, kwa mashine na uzilinganishe. Bloku moja ikiachana na wenzake, hapo sasa zungumza na fundi. Wenye Aqua tutoke nje, kila mmoja afungue mlango wa nyuma alitafute tundu lake.