Picha ya kadi ya besiboli: namna ya kuifuatilia hadi siku iliyopigwa

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunachukua kadi moja tu ya besiboli na kuisaka picha yake: ilipigwa uwanja gani, siku gani, na nini kilikuwa kinatokea pale uwanjani. Kadi ni hii hapa kwenye skrini, ya kampuni ya Topps, mwaka 1973, namba 542, Pat Corrales, mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji na kudaka mpira) wa timu ya San Diego Padres. Mkimbiaji amejitupa chini kuiwahi besi ya nyumbani, ile ambayo mkimbiaji akiifikia timu yake inapata pointi, wamekumbana na Corrales. Jina la mkimbiaji halimo kwenye kadi. Ni Ferguson Jenkins wa timu ya Chicago Cubs, na kazi yake ni mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira. Hilo la urushaji liweke akilini, ndilo litakalotufungulia mlango.

Kwanza pata nakala safi. Toa kadi kwenye mfuko wake, ilaze kwenye skana, weka nukta 600 kwa inchi. Kadi hii ina inchi 2.5 kwa 3.5, kwa hiyo utapata pikseli 1500 kwa 2100. Zima kile kipengele cha skana kinacholainisha alama za uchapaji, maana kikifuta vidoa vya wino kinafuta pia mshono wa jezi na ukingo wa namba. Kama kadi imefungiwa kwenye kasha gumu la wakaguzi wanaopima ubora wa kadi, usilivunje; piga picha kwa simu huku taa ikiwa pembeni ili plastiki isimeremete. Na tafadhali, usiipitishe kwenye programu za akili bandia zinazonoa sura. Ukikuza sana kadi iliyochapwa unabaki na vidoa vya wino tu, na programu hiyo itakuchorea uso ambao haukuwepo.

Pili, hakikisha picha haikudanganyi. Tazama herufi na namba kama zinasomeka sawasawa. Kadi ya Hank Aaron ya 1957 ilichapwa kwa negativu (filamu ya picha) iliyogeuzwa: namba 44 iko kinyume, na Aaron, aliyepiga kwa mkono wa kulia, anaonekana anapiga kwa kushoto. Halafu jiulize kama aliyepigwa picha ndiye aliyeandikwa. Kwenye kadi ya Aurelio Rodríguez ya 1969 aliyesimama ni kijana mtunza magongo wa timu. Na miaka ya 1970 mchezaji akihama timu, wachoraji walipaka rangi juu ya kofia na jezi yake ya zamani. Utaijua rangi hiyo kwa ukingo: nembo ya kofia imelala bapa, haifuati mkunjo wa kitambaa. Ukiiona, jezi hiyo haikuambii chochote kuhusu tarehe.

Sasa mwaka, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwaka wa kadi si mwaka wa picha. Kadi za msimu hutayarishwa kabla msimu haujapamba moto, hivyo picha ni ya mwaka uliotangulia au ya nyuma zaidi. Kadi za 1969 ndizo za kuangalia kwa makini kuliko zote: mwaka 1968 wachezaji, wakiongozwa na chama chao chini ya Marvin Miller, waligoma kupigwa picha na Topps, na kampuni ikachomoa picha za zamani kabatini.

Kwa Corrales tuna bahati. Alihamia Padres akitokea Cincinnati mwezi Juni 1972, na kadi ni ya 1973. Kwa hiyo dirisha letu ni kuanzia Juni hadi mwisho wa msimu wa 1972.

Vuta karibu kwenye jezi. Mwaka huo Padres walivaa njano nyumbani na ugenini, kwa hiyo ya Corrales haitusaidii kujua uwanja. Tazama ya Jenkins, maana Cubs walivaa nyeupe nyumbani na kijivu ugenini: nyeupe yenye mistari myembamba ina maana mechi ilikuwa Wrigley Field, Chicago, kijivu ina maana San Diego. Kwenye kadi nyingine kagua begani. Mwaka 1969 timu zote za ligi kuu zilibeba beji ya miaka 100 ya besiboli ya kulipwa, na mwaka 1973 Pittsburgh Pirates walishona namba 21 ya mchezaji wao Roberto Clemente, aliyefariki tarehe 31 Desemba 1972. Kipande kidogo cha kitambaa kama hicho kinakupunguzia miaka kadhaa ya kutafuta.

Nenda kwenye ratiba. Wakati ule timu za kanda mbili tofauti za National League, ligi ya Cubs na Padres, zilikutana mara 12 kwa msimu, 6 kila uwanja. Toa zile za kabla ya Juni, ubaki na chache. Fungua Retrosheet, tovuti ya kumbukumbu za mechi, ni bure, inaonyesha mechi tukio kwa tukio. Mrushaji huwa hakimbii besi ila siku anayorusha, na mwaka 1972 warushaji walikuwa bado wanapiga wenyewe. American League, ile ligi kuu nyingine, ndiyo iliyoanza kumweka mpigaji wa kumpigia mrushaji, tena mwaka 1973. Kwa hiyo tafuta mechi ambazo Jenkins alirusha na Corrales alidaka. Usifute nyingine kabla hujatazama wabadala, maana mara chache mrushaji hutumwa kumkimbilia mwenzake. Kisha soma kila mstari ambapo Jenkins alifika besi: je, aliifikia besi ya nyumbani na kupata pointi, au alitolewa mchezoni hapo? Hapo ndipo kuna mgongano wetu.

Zikibaki mechi mbili, tumia kivuli. Wrigley haikuwa na taa hadi Agosti 1988, kila mechi pale ilikuwa ya mchana. Kivuli kifupi miguuni ni raundi (zamu za kupiga za timu mbili) za mwanzo, kirefu ni za mwisho. Kilinganishe na raundi ambayo Jenkins alikimbia. Kama hakuna kivuli kabisa kulikuwa na mawingu, na hali ya hewa imo kwenye magazeti ya siku hiyo. Retrosheet inataja pia mwamuzi wa besi ya nyumbani. Akionekana kwenye picha, linganisha umbo lake na picha zake nyingine za mwaka uleule.

Mwisho fungua gazeti la Chicago na la San Diego la kesho yake. Unatafuta sentensi inayotaja mgongano, au picha ya tukio lilelile kwa pembe nyingine. Ukiipata, andika tarehe, uwanja na raundi. Usipoipata, andika "huenda", na chini yake orodhesha mechi ulizoondoa na sababu ya kila moja, ili atakayeishika kadi hii baada yako aanzie ulipofika.